Tawi Likitoa Mizizi, Je, Mti Umeokoka?

Kila habari inapotoka kwamba mti fulani wa dawa uko mbioni kutoweka, jibu la kwanza la watu wengi ni lile lile: si tukate matawi, tuyachomeke ardhini, yaote? Mwingine huleta video ya tawi lililochomekwa ndani ya kiazi, au lililopakwa asali, likichipua majani baada ya siku chache. Kisha hutokea wa tatu akasema hizo ni mbwembwe, mti wa porini haupandwi, na hata ukipandwa dawa yake haina nguvu. Mjadala huishia hapo, kila mtu na lake, huku mti wenyewe ukiendelea kuchimbwa mizizi.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Matawi yanaweza kweli kuokoa mmea, na yameshaokoa kadhaa. Lakini kuotesha tawi ni jambo moja, na kuhifadhi aina ya mmea ni jambo jingine, na tofauti hiyo ndiyo inayopotea katika maneno mengi. Tuifungue polepole, tukianza na kitu ambacho wengi tumekishika mkononi.

Muhogo una maua na una mbegu, lakini mkulima haupandi kwa mbegu. Hukata shina vipande, akavifukia, na kila kipande kikawa mmea mzima. Muwa ni hivyo hivyo. Viazi vitamu hupandwa kwa marando. Kipande hicho cha shina, watu wa vitalu hukiita kipandikizi, na mmea kilikokatwa huitwa mti mama. Mmea mpya una vinasaba vile vile vya mama yake, yaani yale maagizo yaliyomo ndani ya kila seli yanayosema jani liwe na umbo gani na gome liwe na utomvu gani. Kwa hiyo mmea huo ni nakala. Wanasayansi husema kloni. Mbegu ni habari nyingine. Kwa kawaida hutokana na chavua ya mmea mmoja kukutana na yai la mwingine, maagizo ya pande mbili yakachanganyika. Tawi ni nakala, mbegu ni mtoto. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye tofauti hiyo.

Na nikisema kichaka, sina maana ya msitu mdogo. Nina maana ya mti mfupi wenye mashina kadhaa magumu yanayoanzia karibu na ardhi. Vichaka vingi vya dawa vina balaa moja la kufanana: sehemu inayotakiwa ni mzizi, gome au utomvu. Ukichuma majani, mmea hupona. Ukichimba mzizi au ukichuna gome kulizunguka shina lote, umeua, na mara nyingi umeua kabla haujatoa mbegu za msimu huo.

Mfano ulio wazi ni guguli, ambao kisayansi huitwa Commiphora wightii, ndugu wa mti unaotoa manemane. Huota kwenye nyika kavu za magharibi ya India, Rajasthan na Gujarat, na upande wa pili wa mpaka katika jimbo la Sindh, Pakistani. Gome lake likichanjwa hutoa utomvu unaoganda, na utomvu huo umetumika katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwa karne nyingi. Anayechanja kwa kiasi hurudi mwaka unaofuata. Anayetaka mavuno makubwa kwa mara moja hukata jeraha refu na kulipaka dawa ya kuchochea utomvu utoke kwa wingi, na kichaka hutoa kila kilicho nacho, kisha hufa. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umeuweka guguli kwenye Orodha Nyekundu katika ngazi ya viumbe walio hatarini kabisa, ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Mbegu zake nyingi hazioti. Vipande vya shina lake, kwa upande mwingine, hutoa mizizi vizuri, na ndiyo maana juhudi za kuurudisha zimeegemea sana kwenye vipandikizi.

Kisa cha pili nitakianza hapa na kukimalizia mwishoni mwa makala haya. Rodrigues ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Hindi, sehemu ya nchi ya Mauritius, kilomita 560 hivi mashariki ya kisiwa kikuu. Huko kulikuwa na kichaka cha jamii ya kahawa, kinachoitwa café marron, yaani kahawa mwitu. Jina lake la kisayansi ni Ramosmania rodriguesii. Kwa miongo mingi kilihesabiwa kuwa kimetoweka duniani. Karibu na mwaka 1980 mwalimu mmoja aliwatuma wanafunzi wake kutafuta mimea ya asili ya kisiwa chao, na mtoto mmoja akarudi na tawi lisilofahamika. Wataalamu walipolichunguza, likawa ndilo. Mmea ulikuwa mmoja tu.

Habari ilipoenea, watu wakaanza kuukatia matawi, kwa sababu kisiwani ulijulikana kuwa dawa, ikiwemo ya magonjwa ya zinaa. Ukazungushiwa uzio. Watu wakauruka. Ukaongezwa mwingine. Mwaka 1986 vipandikizi vichache vilisafirishwa kwa ndege hadi Bustani za Kew, London, na huko mizizi ikapatikana. Kutoka hapo zikatolewa nakala nyingine, na nyingine tena. Mtu akiishia hapa atasema mti umeokoka. Nitarudi Rodrigues baadaye, kwa sababu hapa ndipo matatizo yenyewe yalipoanzia.

Tawi linajuaje kutengeneza mzizi?

Chukua kijiti kibichi ukichubue kwa ukucha. Chini ya gome, kabla ya kufika kwenye mbao nyeupe, utakuta utando mwembamba wenye unyevu, mara nyingi wa kijani. Hapo ndipo ilipo kambiamu, tabaka la seli ambazo hazijaacha kugawanyika. Kazi yake ya kila siku ni kulinenepesha shina. Shina likikatwa, baadhi ya seli za hapo hubadilishiwa kazi: badala ya kujenga mbao na gome, zinaanza upya kama ncha ya mzizi. Mizizi ya namna hii, inayotokea mahali ambapo mizizi haikutarajiwa, huitwa mizizi ya kuzuka.

Anayetoa amri hiyo kwa sehemu kubwa ni homoni iitwayo auksini. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba ncha ya mche wa nyasi hutuma ishara fulani kwenda chini, na ishara hiyo ndiyo inayoufanya mche upinde kuelekea mwanga. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alithibitisha kwamba ishara hiyo ni kemikali, kwa kuiacha ivuje kutoka kwenye ncha zilizokatwa hadi ndani ya vipande vya jeli. Hiyo ndiyo auksini. Hutengenezwa kwenye vichipukizi na majani machanga, na husafiri kwa mwelekeo mmoja, kutoka ncha kwenda kwenye shina. Ukikata tawi, auksini hufika kwenye jeraha na kukosa njia, ikajaa hapo kama maji ya mfereji uliozibwa. Mizizi huzuka pale ilipojaa. Kwa hiyo kipande cha shina kina juu yake na chini yake hata baada ya kukatwa, na kikichomekwa kichwa chini hupata taabu. Watu wengi wa vitalu hukata mwisho wa chini kwa mshazari na wa juu kwa usawa, ili mkono usikosee vipande vikiwa mia mbili kwenye ndoo.

Unga wa kuoteshea mizizi unaouzwa kwa ajili ya bustani ni auksini ya kutengenezwa, mara nyingi ile iitwayo IBA. Kuna wa asilimia 0.1 kwa mashina laini, asilimia 0.3 kwa yaliyoanza kukomaa, na asilimia 0.8 kwa magumu. Si mbolea na si chakula. Ni amri tu. Seli zisizo na uwezo wa kuitii hazitaitii hata ukiumwaga wote, na ukizidisha, mwisho wa kipande huungua na kuwa mweusi. Ukishazoea utaijua hiyo rangi: si weusi wa kuoza unaonuka, ni weusi mkavu kama kiberiti kilichozimika.

Uwezo wa kutii hutegemea zaidi umri. Tawi la mti mzee uliokwisha kuchanua mara nyingi hutoa mizizi kwa shida. Chipukizi linalotoka chini kwenye kisiki, hata kama mti wenyewe una miaka hamsini, huwa na tabia za ujana. Kwa hiyo fundi mzuri wa vitalu hakimbilii matawi ya juu. Hupogoa mti mama karibu na ardhi, ikiwa mti una nguvu ya kuhimili hilo, akasubiri machipukizi mapya, na kukata hayo. Tawi huja pia na mazoea ya mahali lilipokuwa. Ukiotesha tawi la pembeni la mkahawa, mmea mpya huendelea kutambaa kwa pembeni, hausimami, kwa hiyo vipandikizi vya kahawa huchukuliwa kwenye machipukizi yaliyosimama wima. Vichaka kadhaa vya dawa vina tabia hiyo hiyo, na mtu asiyeijua atadhani amepata miche iliyodumaa.

Ndoo inayovuja

Kipandikizi kilichokatwa ni ndoo inayovuja ambayo bomba lake la kujazia limeshang'olewa. Majani yanapoteza maji kila dakika, na mizizi ya kuyarudisha haipo. Mtu wa kwanza husema basi tuondoe majani yote. Lakini jani ndilo linalotengeneza sukari ya kulisha mizizi inayozaliwa, na ndilo linaloongeza auksini. Ukiyaondoa yote umeziba tundu na umezima jiko kwa pamoja. Kwa vichaka vingi vyenye majani mapana, suluhu ni kupunguza: yaachwe mawili au matatu ya juu, na kila moja likatwe nusu.

Kazi yote iliyobaki ni kupunguza uvujaji. Kata asubuhi mapema, mmea ukiwa umejaa maji. Chagua kipande chenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 10 hadi 15, chenye macho mawili hadi manne, na ukate chini kidogo ya jicho kwa kisu au mkasi mkali uliosafishwa kwa spiriti. Mkasi butu huponda, na penye kupondeka ndipo kuvu huingia. Funga vipande kwa kitambaa kilicholowa, uviweke kivulini, na visikae hadi kesho. Mimea ya nyika yenye mashina manene ya kuhifadhi maji, kundi la kina guguli, haipendi unyevu mwingi: jeraha huachwa likauke kwanza, na mchanga wake huwa mkavu zaidi, la sivyo kipande huoza kuanzia chini.

Kifaa kinachofanya kazi kubwa kwa gharama ndogo ni sanduku la plastiki lisilohitaji umeme wala bomba la kunyunyizia maji. Ni fremu ya mbao iliyotandikwa nailoni nzito chini na kando isiyovuja. Ndani yake huwekwa mawe, kisha kokoto, kisha changarawe, na juu kabisa mchanga safi uliooshwa. Maji humwagwa yakafika usawa wa changarawe, yasiufikie mchanga wa juu. Mchanga unayanyonya taratibu kama utambi unavyonyonya mafuta. Juu hufunikwa kwa nailoni angavu, na sanduku zima hukaa kivulini. Ukifunua asubuhi, matone yanakuwa yamejipanga upande wa ndani wa nailoni na hewa inayokupiga usoni ni nzito, ya joto. Katika hewa ya namna hiyo jani halipotezi maji mengi, na kipandikizi hupata wiki zake za kutulia.

Kwa nini mchanga, si udongo wenye mboji? Kwa sababu kipande kisicho na mizizi hakiwezi kula mboji, lakini kuvu wanaweza kuila, na wakimaliza watakila kipande pia. Mbolea ina siku yake, na siku hiyo bado.

Majani mapya si mizizi

Hapa ndipo zile video za kiazi zinapowapotosha watu. Shina lililokatwa lina akiba ya wanga na maji ndani yake. Likipata joto, macho yake huchipua kwa kutumia akiba hiyo, kukiwa na mizizi au pasiwe na mizizi. Nimewahi kufurahia sinia zima lililojaa majani mapya ya kijani laini, nikalihamishia juani, na ndani ya wiki mbili likawa limekauka lote. Nilipong'oa kipande kimoja baada ya kingine, chini palikuwa laini kama palivyokatwa, hakuna mzizi hata mmoja. Akiba ilikuwa imekwisha, basi. Kiazi kinachoonekana kwenye video kinatunza unyevu tu, na aghalabu huoza au huota chenyewe. Asali huzuia baadhi ya vijidudu, lakini haimwamuru mtu wala mmea kutoa mzizi.

Kipimo cha kweli ni vidole. Baada ya wiki kadhaa, shika kipandikizi kwa vidole viwili na ukivute kidogo, kama unayevuta uzi wa nguo kuona kama umeshonwa. Kikija bila ubishi, kirudishe taratibu, bado. Kikikataa, kuna kitu kimeshika mchanga. Unaweza pia kukuta mwisho wake umefura na kufanya vinundu vyeupe. Hilo ni kovu la mmea, seli zilizokimbilia kufunga jeraha. Kovu ni dalili kwamba kipande ki hai, ila si mzizi, na kuna mimea inayotengeneza kovu kubwa na kuishia hapo hapo hadi kufa. Mizizi ya kweli ina ncha, na ukiiangalia kwa karibu utaona imepasua gome kutokea ndani.

Miche iliyoshika haitolewi moja kwa moja kwenye sanduku na kupelekwa shambani. Imelelewa katika hewa iliyojaa maji, na majani yake hayajajifunza kubana. Nailoni hufunuliwa saa moja, kesho saa mbili, wiki ijayo usiku kucha, na hapo ndipo huhamishiwa kwenye udongo wenye rutuba.

Nakala elfu za ukurasa mmoja

Sasa tuseme kila kitu kimekwenda sawa, una miche 1,000 ya kichaka kilichokuwa kinatoweka. Swali la kwanza la mhifadhi halitakuwa ni mingapi. Atauliza: imetoka kwa mama wangapi?

Ikiwa yote imetoka kwa mti mama mmoja, una mmea mmoja uliogawanywa mara 1,000. Ukitoa nakala elfu za ukurasa mmoja huna kitabu. Kurasa nyingine, zile zilizobeba uwezo wa kuvumilia ukame, ugonjwa fulani au aina tofauti ya udongo, zimebaki porini, na huko ndiko zinakoendelea kuchomwa. Madhara yake wanadamu wameyaona. Ayalandi katika miaka ya 1840 ilitegemea viazi vilivyopandwa kwa vipande vya viazi, na sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa ni nakala ya aina moja. Ugonjwa wa baka uliingia mwaka 1845, na aina hiyo haikuwa na kinga nao. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Wakulima wa muhogo wanajua upande mwingine wa jambo hili: virusi vya batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya vipande vya shina kutoka shamba hadi shamba, kwa sababu nakala hunakili na ugonjwa.

Kuna mimea inayonitia huzuni zaidi, ile yenye jinsia mbili tofauti, mti dume mbali na mti jike mbali. Tawi la jike hutoa jike, karibu siku zote. Mwaka 1895 John Medley Wood aliikuta saikadi moja ya ajabu, mmea wenye shina nene na majani kama ya mtende, katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, ambayo leo inaitwa Encephalartos woodii kwa heshima yake. Ilikuwa dume. Machipukizi ya shina lake yamesambazwa kwenye bustani za dunia nzima, yana afya, yanapendeza, na yote ni madume. Jike halijapatikana hadi leo. Aina hiyo haiwezi kupata mtoto kamili wa kwake, hata zikiwepo nakala milioni.

Mwaka 1975 watafiti Marshall na Brown walifanya hesabu ambayo bado inafuatwa: ukikusanya kutoka mimea 50 hadi 100 iliyochaguliwa bila upendeleo katika eneo moja, una uhakika mkubwa wa kupata karibu vinasaba vyote vya kawaida vya eneo hilo. Baada ya hapo, kuongeza mama wengine wa eneo lile lile huleta faida ndogo, na ni bora uende eneo jingine. Kwa hiyo miche 300 iliyotoka kwa mama 60 ina thamani kubwa kwa uhifadhi kuliko miche 10,000 iliyotoka kwa mama mmoja aliye karibu na barabara. Kishawishi kiko hapo hapo, kwa sababu kila kitalu hugundua haraka mama mmoja au wawili ambao vipande vyao hutoa mizizi kwa urahisi, na bila mtu kuamua lolote, baada ya misimu michache sinia zote zimejaa watoto wa hao wawili. Wale wagumu wamesahaulika, na pengine wao ndio waliobeba kilichokuwa kinahitajika.

Kinachozuia hilo ni kibandiko. Kila mama apewe namba, na namba hiyo ifuate kila kipande hadi shambani: mahali kilikotoka, tarehe, dume au jike kama inajulikana. Andika kwa penseli, maana wino hufutwa na jua na maji ndani ya msimu mmoja, lakini risasi ya penseli hubaki. Nimeona kitalu chenye miche mizuri kupita kiasi ambacho vibandiko vyake vilikuwa vimefifia vyote. Kwa biashara haikuwa na neno. Kwa uhifadhi, kazi ya miaka ilikuwa imegeuka rundo la mimea isiyojulikana nani ni ndugu wa nani.

Je, dawa inabaki?

Hofu kwamba mmea wa tawi umebadilishwa vinasaba haina msingi. Vinasaba vyake ni vile vile vya mama yake. Hofu kwamba dawa inapungua ina msingi nusu. Uwezo wa kutengeneza kemikali ile umebaki vile vile, lakini kiasi chake hubadilika kwa maji, jua, udongo na umri wa mmea. Kichaka cha nyika kinachomwagiliwa kila jioni kinaweza kukua haraka na kuweka utomvu kidogo. Kinachotakiwa ni kupima, na kukipanda mahali panapofanana na kwao.

Kitalu kinaweza hata kubadilisha sehemu inayovunwa. Dawa ya saratani iitwayo paklitakseli ilianza na gome lililokusanywa mwaka 1962 kutoka Taxus brevifolia, mti unaokua polepole magharibi ya Amerika Kaskazini, na kulichuna gome kuliua mti. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Baadaye ikawezekana kuanzia na kemikali iliyomo kwenye majani ya ndugu zake wanaopandwa, na majani hukatwa mwaka hadi mwaka mti ukiwa hai. Maswali ya namna hiyo yanafaa kuulizwa kwa kila kichaka kinachochimbwa mizizi: je, kilichomo mzizini kimo pia kwenye jani?

Yapo mambo mawili ambayo tawi kweli linapungukiwa. Kwa kawaida mmea wake hauna ule mzizi mkuu unaozama moja kwa moja chini kama wa mmea wa mbegu. Una mizizi kadhaa ya pembeni, na kwenye nchi kavu hiyo ni hatari katika miaka ya mwanzo. Ndiyo maana hupandwa mvua zinapoanza, si zinapoisha. La pili ni sheria. Kukata tawi la mmea ulio hatarini bila kibali ni kosa katika nchi nyingi hata kama nia yako ni njema, na kuuvusha mpaka mmea ulioorodheshwa chini ya CITES, mkataba wa 1973 kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kunahitaji hati hata kama umetoka kitaluni. Kibali kina maana yake. Mmea wa mwisho ukikatwa na wasamaria wema kumi, kila mmoja na tawi lake, utakufa sawa na ule uliokatwa na wachuuzi. Njia salama ni kuchukua kidogo kutoka kwa kila mama, mara moja, kujenga bustani ya miti mama iliyolindwa, na kuanzia hapo kukata kwenye bustani hiyo, pori liachwe lipumue.

Turudi Rodrigues. Vile vipandikizi vya kahawa mwitu vilikua vizuri ndani ya Kew. Vikachanua maua meupe yenye umbo la nyota, mwaka baada ya mwaka. Havikutoa tunda. Vyote vilikuwa mmea mmoja, na ua baada ya ua chavua ilikataa kuungana na kilichopaswa kupokea. Kisha mwaka 2003 mkulima wa bustani hiyo, Carlos Magdalena, baada ya kujaribu tena na tena, alikata juu ya sehemu ya ua inayopokea chavua na kuiweka chavua moja kwa moja kwenye jeraha. Baadaye yakaja matunda, na ndani ya matunda mbegu.

Miche ya mbegu hizo ilipoota haikufanana na mama. Majani yake yalikuwa marefu, membamba, ya rangi ya kahawia, wakati mama ana majani mapana ya kijani. Hivyo ndivyo kahawa mwitu inavyoonekana utotoni, kabla haijakomaa. Vile vipandikizi vilitoka kwenye matawi yaliyokwisha kukomaa, vikaendelea na majani ya ukubwani. Mimea iliyotokana na mbegu ikarudishwa Rodrigues.